Betri ya Moyo Si Anasa

Kuna jibu moja ambalo sisi wakimbizi wa huku Kajaga tumelisikia mpaka tumelikariri. Unaenda kuuliza habari ya mgonjwa wako wa moyo. Aliyekaa nyuma ya meza anashusha miwani, anakuangalia kwa huruma, halafu anasema: "Hiyo ni kesi ya Ulaya." Mwingine, mtoto wa kwetu kabisa, anakwambia kwa Kiswahili cha Uvira: "Ile ni ugonjwa ya batajiri, muzee." Maneno tofauti, maana ileile: rudi nyumbani, kaa naye, ngojea.

Ninaandika kulipinga jibu hilo. Sitalipinga kwa kulia, maana machozi yetu yamekwisha kuandikwa katika ripoti nyingi na hayajamponya mtu. Nalipinga kwa sababu si kweli.

Kwanza tuelewane ninazungumzia nini. Sizungumzii magonjwa yote ya moyo. Kupasua kifua na kubadilisha valvu ni habari nyingine, na gharama yake ni nyingine. Nazungumzia moyo uliopunguza mwendo kwa sababu umeme wake umekatika njiani, na dawa yake, ambayo ni betri ya moyo. Waliosoma Kifaransa wanaiita pesimeka.

Moyo una umeme wake. Juu, katika chumba cha kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa amri ya kupiga. Amri hiyo inapita katika kituo cha katikati, kisha inagawanyika kwenda vyumba viwili vya chini, vile vinavyosukuma damu. Mtu mzima aliyetulia anapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Njia ya katikati ikikatika kabisa, vyumba vya chini havifi palepale. Vinajitafutia mwendo wao wenyewe, mapigo 30 au 40 hivi. Ni kama Regideso ikikata umeme usiku: nyumba haikosi mwanga kabisa, maana mama anawasha kibatari. Lakini kibatari hakiendeshi friji. Na upepo ukipita, kinazimika kidogo, halafu kinawaka tena.

Kile kuzimika kidogo ndiyo kuanguka kunakotutisha. Sekunde chache tu ubongo unakosa damu, mtu anaanguka sokoni au msalani, anageuka rangi, pengine anatetemeka. Kisha anafumbua macho na kuuliza: "Nini imetokea?" Waganga wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, waliandika kuhusu kuanguka kwa namna hii pamoja na mapigo ya polepole. Hesabu mwenyewe: Burton na Speke wamefika kwenye ziwa letu Tanganyika mwaka 1858. Ugonjwa huu umekuwa kwenye vitabu kabla Mzungu yeyote hajaliona ziwa tunaloogea kila siku. Halafu leo unaambiwa ni jambo geni, jambo la hali ya juu.

Hapa Kajaga tulikuwa na mama mmoja, muuza ndagala, tuliyemwita mama mukubwa wote, hata waliomzidi umri. Alivuka Rusizi na watoto wa dada yake, si wake. Alianza kuanguka. Kituo kimoja cha afya kiliandika kwenye daftari lake "kifafa", akapewa vidonge vya kifafa, akavimeza miaka miwili huku akiendelea kuanguka. Siku moja kijana mpangaji wa lupango lile, anayesomea uuguzi, alimshika mkono akahesabu dakika nzima. Mapigo 34. Akahesabu tena. 34. Kutoka siku ile ikaanza safari ya karatasi: kipimo cha ECG hapa, barua kule, muhuri unaokosekana, ofisi moja inakutuma kwa nyingine, ile nyingine inakwambia jibu lile la Ulaya. Alifariki karatasi zikiwa bado zinazunguka. Miaka miwili ile hakuna aliyemhesabia mapigo, na kuhesabu mapigo hakuhitaji hata umeme.

Sasa tuulize: hiyo dawa inayoogopwa hivyo ni kitu gani hasa?

Mgonjwa analala chali, macho wazi. Hachomwi ya usingizi mzito, anagandishwa ngozi tu chini ya mfupa wa bega, kama unapong'olewa jino. Mganga anatafuta mshipa mkubwa wa damu unaopita pale. Kuna njia tatu zilizozoeleka. Anaweza kuchoma sindano kwenye mshipa ulio chini ya mfupa wa bega. Anaweza kuchoma mbele kidogo, upande wa kwapa, ambako hatari ya kugusa pafu ni ndogo zaidi. Au anapasua kidogo kwenye mfereji wa bega na kuuona mshipa mwembamba kwa macho yake. Akichoma sindano, anapitisha ndani yake uzi wa chuma laini, anatoa sindano, kisha anateleza mrija juu ya ule uzi. Mbinu hiyo ya sindano, uzi na mrija aliitangaza Seldinger wa Sweden mwaka 1953. Ndani ya mrija ndipo unapita waya wenyewe, wenye unene wa kama milimita 2.

Waya unashuka na mshipa mpaka chumba cha juu cha kulia. Kule unaweza kupotea, kwa hiyo mganga anautazama kwenye skrini ya eksirei inayoonyesha picha moja kwa moja. Ndani ya waya kuna kijiti cha chuma alichokipinda kwa vidole vyake, na kwa kukisukuma na kukivuta anaugeuza waya uvuke valvu na kuingia chumba cha chini. Ncha inashikizwa: ama kwa vijimeno vinavyonasa kwenye nyama, ama kwa skrubu ndogo inayozungushwa. Halafu anapima. Je, umeme mdogo, chini ya volti moja, unatosha kuuamsha moyo? Ukitosha, anaacha waya ulegee kidogo ili mgonjwa akivuta pumzi usichomoke. Anaunganisha na kasha lenye betri, analiweka chini ya ngozi, anashona. Mara nyingi kazi yote inachukua kama saa moja. Kisha picha ya kifua, kuona kama pafu ni zima na waya uko mahali pake.

Sisemi haina hatari. Pafu linaweza kutobolewa, waya unaweza kuhama siku za kwanza, kidonda kinaweza kuoza, na mara chache ncha inaweza kutoboa ukuta wa moyo. Mgonjwa anaambiwa asiinue mkono wa upande ule juu ya bega wiki kadhaa, na asibebe mizigo. Mwambie hivyo mama anayebeba bido la lita 20 kila asubuhi, utaona kwamba majirani nao ni sehemu ya matibabu. Lakini pima hatari hizo na ile ya kuachwa na mapigo 34. Moyo uliokatika njia kabisa, mtu akianguka mara kwa mara, hauna kidonge cha kuutibu. Ni waya au kaburi. Naomba radhi kwa kusema wazi, lakini ndivyo ilivyo.

Tena ni kazi ya zamani. Tarehe 8 Oktoba 1958, Stockholm, daktari Åke Senning alimwekea Arne Larsson betri ya kwanza ndani ya mwili, iliyotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Aliyewasumbua hao wawili mpaka wakakubali ni mke wa mgonjwa. Kasha lile la kwanza liliharibika baada ya saa chache tu. Larsson akawekewa jingine, na jingine, zaidi ya 20 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Lakini kwake yeye walipasua kifua. Mwaka uleule wa 1958, New York, Seymour Furman alionyesha kwamba waya unaweza kupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni bila kupasua kifua, mashine ikiwa nje, imechomekwa ukutani. Njia hiyo ya mshipa ndiyo iliyoigeuza betri ya moyo kuwa kazi ya kawaida ya hospitali. Mwaka ule Burundi na Kongo zote zilikuwa chini ya Mbelgiji. Zimepata uhuru, zimepigana, zimepatana, zimepigana tena, na sisi tungali tunaambiwa hiyo kazi ni mpya.

Wenzetu wa nchi tajiri leo wana ubishi mwingine. Tangu kundi la Huang Weijian wa Wenzhou, China, lilipoandika mwaka 2017, wengi wanatumia mrija wenye mkunjo maalumu unaoelekeza waya kwenye ukuta wa katikati ya moyo, wanauskrubu ndani mpaka uguse njia ya umeme ya asili ya upande wa kushoto. Sababu yao ni nzuri: kuamsha moyo kutoka kwenye ncha ya chumba cha kulia, miaka mingi, kunaweza kuwachosha baadhi ya wagonjwa moyo. Siwadharau. Ila tazameni umbali. Wao wanabishana kuhusu sentimita chache ndani ya moyo mmoja, sisi mgonjwa wetu hajafika hata mlango wa chumba chenye ile skrini. Jumuiya ya wataalamu wa moyo wa Afrika, PASCAR, ilikusanya hesabu za miaka 2011 hadi 2016: nchi ya katikati katika orodha iliweka betri 2.66 kwa kila watu milioni moja. Ni kama mara 200 chini ya Ulaya. Mioyo yetu haijawa migumu mara 200 kuliko ya Wazungu. Wanaanguka, wanazikwa, na tunasema ilikuwa siku yao.

Sasa nije kwenye sheria, maana wakubwa wanapenda sheria.

UNHCR ilitoa mwaka 2009 mwongozo wa rufaa za matibabu kwa wakimbizi. Katika uamuzi wa kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, maswali mawili yanabeba uzito: akitibiwa, ana matumaini gani ya kupona? Na itagharimu kiasi gani? Wengi wetu tunauchukia mwongozo huo. Mimi siuchukii. Mfuko ni mdogo, na tangu misaada ilipokatwa mwaka 2025, mwaka uleule maelfu ya ndugu zetu walipovuka Rusizi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, umekuwa mdogo zaidi. Lazima kuchagua. Ninachodai ni kwamba kanuni hiyo ifuatwe.

Mchukue mgonjwa wa figo anayehitaji dialisisi: mara mbili tatu kila wiki, bila mwisho. Naelewa, kwa uchungu, kwa nini kamati inasita. Mchukue mwenye saratani iliyokwisha kusambaa. Naelewa. Sasa mchukue mama wa mapigo 34 ambaye misuli ya moyo wake bado ni mizima. Matumaini yake? Mazuri sana: anaingia akiwa anazimia, anatoka anatembea, anarudi kwenye ndagala zake. Gharama? Mara moja. Betri inakaa miaka 8, 10, pengine 12, na ikiisha linabadilishwa kasha tu, waya mara nyingi unabaki. Gawanya hiyo gharama kwa miaka. Kwa kanuni yao wenyewe huyu anapaswa kuwa juu kwenye orodha. Anayemweka chini hajafuata mwongozo. Amesikia neno "moyo", akaogopa, akafunga daftari.

Najua nitajibiwa: kwa pesa ya betri moja tungetibu malaria ngapi? Swali hilo lina sura ya haki, lakini halina haki ndani yake. Mbona hatuulizi hivyo mama akikwama kujifungua? Hakuna anayesimama mlangoni pa upasuaji na kusema, "Tungenunua vyandarua vingapi?" Tunampasua, tunamwokoa yeye na mtoto, kwa sababu tumekubali kwamba kazi ya mara moja inayorudisha mtu mzima nyumbani ni haki yake. Betri ya moyo ni kazi ya namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba ya kwanza tumeizoea. Halafu, anayeuliza swali la malaria ahesabu pia pesa zilizokwisha kutumika: vidonge vya kifafa vya miaka miwili, magari ya wagonjwa, kulazwa na kutolewa, kulazwa na kutolewa.

Na hilo kasha lenyewe halilazimiki kuwa jipya. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina mpango wa kukusanya betri zilizotolewa kwa waliofariki, kwa idhini ya jamaa zao, kuzisafisha na kuzipima upya. Utafiti wao katika nchi saba, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa karibu 300, ulitangazwa Novemba 2024: waliowekewa zilizotumika hawakupata maambukizi zaidi ya waliowekewa mpya.

Hapa lakini nina neno na marafiki zetu wafadhili pia. Jamani, msituletee makasha ya kupiga picha. Kasha bila waya mpya, bila mrija, bila chumba cha eksirei, bila mkono uliozoea kupinda kile kijiti, ni chuma tu kabatini. Kinachokosekana zaidi ni mkono. Na mkono haufundishwi na misheni inayokuja siku tano, inafanya wagonjwa wanane, inakula mukeke ufukweni na kupanda ndege. Wiki ya tatu waya wa mmoja unahama: nani anaurudisha? Baada ya mwaka betri inahitaji kupimwa: kwa mashine gani? Mkono unafundishwa kwa kukaa miezi na kurudia, mara mia, chini ya macho ya anayejua.

Wanaojua wako karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawana kazi za vituo vya ubora: figo Kenya, saratani Uganda, moyo na mishipa Tanzania. Burundi ikapewa lishe. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyosimama yenyewe tangu mwaka 2015, na betri hizi zinawekwa pale na Watanzania wenyewe, wanaomuuliza mgonjwa "unajisikiaje?" kwa lugha tunayoisoma katika ukurasa huu. Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu mwaka 2007, Kongo tangu 2022. Kwa hiyo mkimbizi Mkongomani wa Kajaga ana uanachama mara mbili: kwa nchi aliyoikimbia na kwa nchi iliyompokea. Mbona ikifika kwenye kitanda hana hata mmoja? Njia ya Kigali ilikuwa fupi, lakini mpaka umefungwa tangu Januari 2024. Inabaki njia ya Dar, na pale kinachomzuia mgonjwa si kilomita, ni kibali cha kusafiri. Mtu mwenye mapigo 34 hawezi kusubiri kibali miezi sita. Kibali cha mgonjwa wa namna hii kitoke kwa siku.

Nasi wenyewe tusijifiche. Mtu akianguka kwetu, neno la kwanza ni "wamemuroga". La pili ni chumba cha maombi, siku tatu bila kula, na mgonjwa wa moyo akifungishwa njaa na maji anaanguka zaidi, tunasema pepo amekasirika. Wachungaji wangu, sipingani na maombi. Ombeni. Lakini mkishika mkono wa mgonjwa kumwombea, wekeni vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo, chini ya kidole gumba, mtazame saa dakika moja. Mkipata chini ya 40, na mtu huyo anazimia, semeni amina kisha mumpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Basi madai yetu, tuyaseme bila kona.

Kila kituo cha afya kinachopokea wakimbizi, na kila uwanja wa mapokezi huko Cibitoke, kihesabu mapigo ya kila mtu aliyewahi kuzimia, dakika nzima, na kuyaandika. Asipewe mtu dawa ya kifafa kwa kuanguka tu, kabla hajafanyiwa ECG.

Hospitali zinazopokea rufaa ziwe na waya wa muda: katheta inayopitishwa kwenye mshipa wa shingo au wa paja na kuunganishwa na kisanduku cha nje. Ipo yenye kipira kidogo kwenye ncha kinachochukuliwa na mkondo wa damu, na inaweza kupitishwa kwa kufuata ECG hata pasipo eksirei. Hiyo inamshikilia mgonjwa siku kadhaa, mpaka safari ipatikane.

Kamati za rufaa zijibu kwa siku, na zikikataa ziandike sababu kwa karatasi: matumaini gani, gharama gani. Tukisoma sababu tunaweza kubishana nayo. Na "kesi ya Ulaya" si sababu.

Wanaotoa pesa za makasha watoe pia pesa za watu: madaktari na wauguzi wa hapa, Warundi na Wakongomani waliosoma na sasa wanakaa bure kwa kukosa vibali, waende Dar wakae mpaka mikono yao izoee, kisha warudi.

Hatujaomba mbingu. Kila kitu nilichokitaja hapa kinafanyika leo, katika kanda hii, kwa binadamu wenye damu kama yetu. Wasomaji wa gazeti hili, mfanye moja kabla ya kulikunja: mshikeni mkono mzazi wenu, muhesabu. Namba mtakayoipata iandikeni. Ikiwa ndogo, nendeni nayo ofisini mkiwa wengi, na mkiambiwa habari ya Ulaya, msiondoke.